Mwizi wa Joto Kiwandani

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepandishwa cheo! Msimamizi wa Ghala la Joto. Kofia nyeupe, funguo kiunoni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayesukuma kuni kwenye tanuri la zamani hapo kiwandani, alinipongeza kama mtu aliyeng'ata limau. Raha iliyoje!

Fundi alinielekeza. Paa linakusanya joto la jua, feni inalisukuma kwenye chumba cha matofali kilichojaa mawe, mawe yanalitunza hadi alfajiri, kisha hewa inapita humo ikakaushe nyanya kabla jua halijachomoza. Nikaitikia kwa kichwa. Joto linakaaje ndani ya jiwe? Linaingilia wapi? Niliona aibu kuuliza.

Bosi, mama asiye na utani, alisema nyanya zikikauka vizuri hadi Jumamosi cheo ni changu. La sivyo anapewa shemeji, nami narudi kuosha kreti.

Jumanne, 5 Agosti
Mali ya kampuni lazima ikaguliwe. Nilifunua kifuniko cha ghala asubuhi, mchana na jioni, nikaingiza mkono. Moto kweli! Nyusi zimeungua kidogo. Wakati wa chai nilikiacha wazi, mawe nayo yapumue.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Alfajiri mawe yalikuwa vuguvugu tu. Nyanya zimetoka zimelowa. Lakini jana joto lilikuwapo, nililigusa mwenyewe! Limekwenda wapi? Kitu hakipotei hivi hivi. Kuna mwizi.

Nani anafaidika? Shemeji. Nilikwenda kuchungulia tanuri lake: la moto! Nikamuuliza ana kwa ana amelitoa wapi joto hilo. Akasema kwenye kuni. Jibu la haraka mno, la mtu aliyejiandaa.

Nyumbani mke wangu alinifukuza jikoni. Eti nafunua sufuria ya maharage kila mara, ndiyo maana hayaivi. Nilikuwa nahakikisha tu kama yanachemka! Ndugu ni ndugu, wameungana dhidi yangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimetia kufuli jipya. Nimekagua kutwa nzima, bila kupumzika. Ajabu: kadiri ninavyokagua, ndivyo joto linavyopungua. Mwizi ananichezea shere!

Jioni nilimpekua shemeji getini. Mfukoni alikuwa na ndizi moja. Ina uvuguvugu! Nimeichukua kama ushahidi, iko kabatini.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimechanganyikiwa kabisa. Shemeji yuko nyumbani anaumwa jino, kufuli halijaguswa, na joto bado linaibwa. Kichwa kinaniuma.

Fundi alikuja na kipimajoto. Akauliza kama kuna mtu anayefungua kifuniko. Nikajibu kwa fahari kwamba hakuna ila mimi, kila mara, kwa ajili ya ulinzi. Akakaa juu ya ndoo. Kisha akaniomba, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, nisikifungue tena. Nikamuuliza, sasa nitajuaje kama joto lipo? Akashika tama. Hata yeye hajui! Nimekubali shingo upande. Mchana kutwa mikono imeniwasha.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku ya hukumu. Bosi alifika alfajiri. Nilikuwa sijafungua tangu jana. Nyanya zilikuwa tayari kwenye trei, kazi ilibaki kuwasha feni. Lakini bosi ataaminije bila kuona? Nikafunua kifuniko, nikafungua na mlango, nikamkaribisha ahisi mwenyewe usoni. Lilikuwapo! Miwani yake iliingia ukungu. Tulitokwa na jasho sote, mimi nikieleza kwa kirefu.

Tulipowasha feni, upepo ulitoka wa baridi.

Nililia. Sifichi. Kofia nilimvisha shemeji kwa mikono yangu. Hakunicheka. Aliuliza tu ndizi yake iko wapi.

Jumatatu, 11 Agosti
Eti chini ya shemeji mawe yamekuwa ya moto alfajiri na nyanya zimekauka vizuri. Bila shaka! Atajiibiaje mwenyewe?

Lakini kreti sikuziosha. Mke wangu alimsihi kaka yake, naye akaniombea kazi kwenye chumba cha baridi zinakohifadhiwa nyanya mbichi. Funguo kiunoni tena! Safari hii sichezewi. Mlango nimeuegesha wazi kwa jiwe, nami nimekaa kitako mbele yake, nimwone vizuri atakayekuja kuiba baridi.