Kuhusu Mwalimu Anayesahihisha Matangazo ya Vifo

Ivano Scarpellini, Mchapaji
Mtaa wa Kengele, Nambari 4
Ripafosca

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka huku kwetu Ripafosca, ambako mizeituni imechanua na barabara ya kwenda Ancona bado ina lile shimo mliloliandika mwaka juzi. Mimi si mtu wa kupenda ugomvi. Nina miaka sitini na minne, na gazeti lako nimewahi kuliandikia mara moja tu, kuhusu mbwa wa padri, na jambo lile lilikwisha kwa amani. Ukiona nimeshika kalamu tena, ujue yamenifika shingoni.

Kazi yangu unaijua. Mtu akifa hapa mjini, familia huja kwangu kabla hata ya kwenda kwa mtengeneza majeneza. Nami huchapa lile tangazo lenye ukingo mweusi, na Delfo wa halmashauri hulibandika kwenye ukuta ulio kando ya kanisa. Asubuhi watu hupita na mikate yao kwapani, husoma nani katutoka, hufanya ishara ya msalaba, huenda kunywa kahawa. Tuliishi hivyo vizuri kabisa mpaka Mwalimu Elvezia Mancinelli alipostaafu.

Mwalimu Elvezia alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na minane. Sasa ana miaka themanini na saba, koti la kijivu, mwavuli na kalamu nyekundu. Kila siku saa mbili asubuhi husimama mbele ya ukuta wa marehemu na kusahihisha. Koma zikikosewa hukunja uso. Herufi kubwa zikikosewa hutikisa kichwa. Lakini linalomkosesha raha hasa ni neno “ingawa”.

Kwa faida ya wasomaji waliosahau shule: katika Kiitaliano chetu, ukishatamka “ingawa”, kitenzi kinachofuata hakiruhusiwi kubaki na nguo zake za kila siku. Lazima kivae lile umbo tunalolitumia kwa mambo ya shaka na ya kutamani, hata kama jambo lenyewe lina mhuri na mashahidi wawili. Mvua inaweza kuwa imekulowesha mpaka soksi, lakini ukisema “ingawa mvua inanyesha”, mvua hiyo inaandikwa kana kwamba labda ipo, labda haipo. Sheria hii sikuitunga mimi. Mimi huisahau tu, kama watu wengi wa heshima.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwezi wa pili alifariki Nazzareno, muuza nyama. Mjane wake, Bi. Derna, alinitajia maneno mwenyewe: “Ingawa alikuwa mtu wa hasira, alitupenda.” Nikayachapa kama alivyosema. Kesho yake Bi. Derna amesimama ukutani na leso yake, Mwalimu akafika, akamkumbatia, akampa pole kwa moyo wote, na huku bado kamkumbatia, akanyoosha mkono juu ya bega la mfiwa, akakata kitenzi na kuweka lile umbo la shaka.

“Mwanangu Derna,” akamwambia, “Nazzareno alikuwa mtu mwema. Ila hapa umemwandika vibaya.”

“Vibaya vipi, Mwalimu? Hasira alikuwa nazo. Muulize yeyote. Nina sahani sita tu zilizobaki.”

“Alikuwa nazo, nani anabisha? Lakini mwisho hazikushinda. Jambo likiwa la kweli na halikushinda, ndivyo tunavyoliandika.”

Bi. Derna alirudi nyumbani akilia zaidi kuliko alivyokuja na, ubaya zaidi, akiwa amefarijika. Sasa anakwenda anasema Mwalimu ndiye aliyemfariji, wakati karatasi ni yangu na wino ni wangu.

2. Nilimwomba Delfo abandike matangazo juu zaidi. Delfo ni kijana mwelewa, akaleta ngazi. Mwalimu akafunga kalamu kwenye ncha ya mwavuli kwa uzi wa kushonea. Maandishi yake sasa ni makubwa kuliko zamani na yanasomeka kutoka upande wa pili wa uwanja, hata na wale wasiovaa miwani.

3. Hili ndilo linaloniharibia jina kabisa. Mwezi wa tatu Mwalimu aliugua mafua, akalala siku nne. Katikati ya siku hizo akafa Mzee Pacifico, na tangazo lake likakaa ukutani safi, bila alama hata moja. Siku ya tano akanijia mwanawe mkubwa, kanuna.

“Ivano, hebu niambie, baba yetu kakosa nini? Muuza nyama kapata alama tatu, baba kakaa pale kama karatasi ya kodi. Watu wanasema hatukumjali.”

Akataka nichape upya na niweke “ingawa” moja. Nikamuuliza, ingawa nini? Mzee Pacifico alikuwa hana doa. Basi wakaja ndugu wote watatu, wakakaa dukani kwangu saa nzima wakimtafutia baba yao kosa. Hatimaye wakakubaliana kwamba alikuwa anaiba kwenye karata. Hapo wakaanza kugombana ni nani kati yao aliyeibiwa zaidi, na ilinibidi niwatoe nje nifunge mlango.

4. Hofu imeenea hata pasipo na ukuta. Padri wetu, Don Lamberto, huhubiri akimwona Mwalimu kwenye kiti cha mbele, kalamu ikichungulia mkobani, na ameamua kuliacha neno lile kabisa. Zamani alikuwa anasema Mungu hutusamehe ingawa sisi ni wakosefu. Siku hizi anasema, “Mungu husamehe.” Ananyamaza. Kisha anasema, “Sisi ni wakosefu.” Hakuna kinachounganisha hayo mawili, na watu wanatoka kanisani na wasiwasi. Kilabuni ni vilevile. Wazee wakicheza karata mtu husema, “Karata zangu mbovu,” anakunywa kidogo, anaangalia mlango, halafu, “nimekufunga.” Mji mzima umekuwa wa watu wanaokata maneno kama wanatuma simu za maandishi zinazolipiwa kwa neno.

Lifuatalo sikulipa nambari kwa sababu ni la zamani na huenda muda wake wa kushtaki umepita. Nilipokuwa darasa la nne, baba alikwenda Uswisi kujenga mabwawa. Tukapewa insha ya nyumbani kwetu, nami nikaandika: “Ingawa baba ameondoka, jioni tunamwekea sahani.” Mwalimu akakata “ameondoka” kwa wino mwekundu na kuweka lile umbo la shaka. Mimi nilikuwa mtoto, Mhariri. Nilidhani Mwalimu ana habari nisizokuwa nazo. Wiki nzima nilikuwa nakimbia kutoka shule nikitegemea kumkuta baba mezani, kwa kuwa kuondoka kwake kulikuwa kumetiliwa shaka na mtu mwenye cheti cha serikali. Nilipomwambia, hakucheka. Aliniita kando akasema, “Scarpellini, baba yako ameondoka kweli. Lakini sahani mnaiweka. Sasa kipi kikubwa, kuondoka au sahani?” Nikasema sahani. “Basi hilo ndilo ‘ingawa’. Kaa chini.” Nilikaa. Niliumia sana na sijasahau, na ninaomba liingizwe kwenye kumbukumbu.

5. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Baada ya yale mafua, Mwalimu aliingia dukani kwangu akaketi kwenye kiti cha wafiwa, akaweka mwavuli magotini.

“Scarpellini, daktari kasema moyo wangu umechoka. Hataki kusema miezi mingapi, ni mtu mwenye adabu. Nichapie tangazo langu.”

“Mwalimu, lako la nini? Bado upo.”

“Ndiyo maana nimekuja sasa. Nikishakufa nitakusahihishaje? Nitaleta maneno, utachapa prufu ya kujaribia, nitaisoma, nikiridhika nitatia sahihi. Mimi sifi na kosa lako ukutani.”

Maneno aliyoleta ni mafupi: “Elvezia Mancinelli, mwalimu. Ingawa alimsahihisha kila mtu, hakumchoka hata mmoja.” Basi. Mistari miwili. Mchapaji mwanafunzi angeimaliza kabla kahawa haijapoa. Mimi, Mhariri, nimeshachapa prufu kumi na moja. Kila Alhamisi Mwalimu anakuja, milango mitatu tu kutoka kwake, anaketi, anasoma, anakuta kosa baada ya “ingawa”, anakata. “Tena, Scarpellini? Miaka hamsini na kitu, na bado?” Namwambia nitarekebisha. Anakunywa kikombe kimoja cha kahawa yenye tone la mvinyo wa anisi, jambo ambalo daktari amemkataza, ananieleza sheria upya tangu mwanzo, anaondoka saa sita. Asubuhi yote imepotea. Na Alhamisi inayofuata kosa lipo palepale, au limehamia mstari wa pili. Siwezi kueleza linatokeaje. Mashine yangu ni ya zamani.

Kutokana na hayo yote naleta maombi yangu kwa utaratibu, nikitumaini gazeti lako litayafikisha kwa meya.

Naomba kwanza kalamu nyekundu zisiuzwe Ripafosca kwa mtu aliyepita umri wa miaka themanini. Nikitafakari zaidi naona hiyo haitoshi, kwa sababu ana akiba, nimeiona, sanduku zima. Afadhali basi neno “ingawa” lipigwe marufuku kwenye kuta zote za mji, isipokuwa kwa kibali cha wiki moja. Lakini hapo pia nimejiuliza: neno hili linatoka wapi? Linatoka kwa watu wenye tabia mbili. Kama Nazzareno angekuwa na hasira tu, au upendo tu, tangazo lake lingekuwa sentensi moja nyoofu na sote tungelala. Kwa hiyo napendekeza kila mkazi aende halmashauri ajiandikishe upande mmoja: mkali au mpole, mchoyo au mkarimu, mcha Mungu au mwizi wa karata. Atakayekutwa na pande zote mbili apewe siku thelathini kuacha mmoja. Mimi mwenyewe niko tayari kujiandikisha, nikishajua ni upi.

Na ikiwa halmashauri itaona jambo hilo ni gumu, wakati uchaguzi umekaribia, basi lipo suluhisho rahisi kuliko yote, nalo ni watu kutokufa. Pasipo vifo hakuna matangazo, pasipo matangazo hakuna cha kusahihisha. Najua duka langu litaathirika. Nimekubali. Ila kama agizo hilo haliwezi kuanza kwa wote siku moja, naomba lianze na wakazi wenye umri wa miaka themanini na saba, wa Mtaa wa Kengele, kisha lipande na kushuka kwa kadiri meya atakavyoona inafaa.

Nisalimie wote hapo ofisini: yule dada anayepokea simu na kunisubirisha kila mara, fundi wenu wa mitambo ambaye tulilala naye kambi moja jeshini, na mwandishi wa habari za mpira, mwambie timu yetu haikufungwa matano, ilifungwa manne. Mwambie mkeo zile kadi za ubatizo ziko tayari tangu Jumatatu.

Nabaki kuwa wako mtiifu, katika wino na subira,

Ivano Scarpellini

Nyongeza. Nilikuwa nimeshalamba bahasha hii, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Leo ilikuwa Alhamisi. Nikuambie ukweli, kwa kuwa wewe ni mtu wa chapa kama mimi: ile sheria naijua. Naijua tangu darasa la nne. Makosa kumi na moja yote niliyaweka mwenyewe kwa mkono wangu, moja kila wiki, kwa sababu amesema hafi mpaka atie sahihi, na yule mama hajawahi kuvunja neno lake.

Jana usiku nilichoka na kichwa hakikuwa pamoja nami, nikachapa bila kuweka kosa. Nilikuja kuona leo, karatasi ikiwa tayari mkononi mwake. Alisoma mara ya kwanza. Akapandisha miwani, akasoma mara ya pili, polepole. Kisha akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka tisa, akachukua kalamu nyekundu, akakata kitenzi ambacho kilikuwa sahihi kabisa, na juu yake akaandika kingine, kibovu, ambacho hata Delfo angekikataa.

“Bado, Scarpellini,” akasema. “Rudia. Nitapita Alhamisi ijayo.”

Kwa hiyo naomba barua hii usiichapishe. Gazeti lako analisoma kila asubuhi. Na ikibidi uichapishe kwa kukosa habari nyingine, basi acha kosa moja ndani yake, mahali atakapoliona bila kuhangaika.