Fundi wa Wiki Sita

Jumatatu, 3 Juni
Cheti hiki hapa! Wiki sita tu, fundi cherehani kamili. Binamu yangu Sentimita, anayepimapima hata mkate kabla ya kuukata, yuko mwaka wa pili wa kozi ya miaka mitatu chuo hichohicho. Bado anakata karatasi! Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumanne, 4 Juni
Shangazi katuita, mimi na Sentimita. Ndiye mwenye ufunguo wa kibanda cha kushonea cha marehemu baba, miaka minne kimefungwa. Kila mmoja amshonee gauni la mikono mirefu, atalijaribu Jumamosi. Atakayemridhisha atarithi kibanda.
Mikono! Wiki ya nne niliugua homa siku mbili. Niliporudi darasani, somo la mikono lilishapita, wenzangu wako kwenye zipu. Ndiyo hasara ya kozi ya haraka. Nimeiandika kwa penseli, huenda nikaifuta.

Jumatano, 5 Juni
Nimemweleza Shangazi kwamba mikono imepitwa na wakati. Akaniuliza kama kuona haya nako kumepitwa.
Nikaenda kuchungulia dirishani kwa Sentimita. Akavuta pazia. Mchoyo mkubwa!

Alhamisi, 6 Juni
Nimechungulia kibandani kupitia ufa wa mlango. Cherehani ya baba ipo, imefunikwa shuka. Nikakumbuka harufu ya chaki na pasi ya moto. Baba aliongea na pini mdomoni, na mimi peke yangu nilimwelewa. Alitaka mwaka mzima nifumue nguo kuukuu tu, nijue zilivyoshonwa. Mwezi wa nne nikatoroka, nikamwambia maisha ni mafupi. Akatoa pini mdomoni, akasema basi nenda, kiti chako kipo. Nimelia, acha niseme ukweli.
Nilipofika nyumbani, wazo! Koti lake la kijivu, la mwisho kulishona, liko kabatini kwangu. Lina mikono miwili.

Ijumaa, 7 Juni
Nimenunua kitambaa cha kijivu. Mikono ya koti nimeifumua bila kuchana hata uzi. Kazi aliyonifundisha baba hiyo! Kuipachika kwenye gauni ndiyo balaa. Mmoja nimeushona, wa pili unashikiliwa na pini tisa.

Jumamosi, 8 Juni
Shangazi kavaa. Kiwiko cha kushoto kimetazama mbele. Alipapasa mshono wa baba kwenye mkono wa kulia. Kisha akauliza mikono ya kaka yake inafanya nini hapa.
Akalia, nami nikalia. Gauni la Sentimita lilimkaa vizuri, ufunguo ukaenda kwake. Nami nimeamriwa niende kibandani kila siku, nijifunze kwa Sentimita mpaka koti la baba lirudi kama alivyoliacha. Sentimita kasema itanichukua muhula mmoja, nikijitahidi.

Jumapili, 9 Juni
Kiti changu kipo palepale, na mto wake uliobonyea. Nimefumua kutwa nzima. Nusura nimsikie baba akinigombeza kwa pini zake. Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi tangu afariki. Nimeapa: safari hii sitoroki.
Nikirudi, nimeona tangazo ukutani. Mikono, kola na mifuko, siku mbili tu, cheti papo hapo! Darasa linaanza kesho.
Nimemtumia Sentimita ujumbe: kesho siji. Nina homa.