Mchicha wa Mama Anitha

Jumatatu, 7 Julai 2025

Upepo wa kipupwe unavuma Mkonze tangu alfajiri. Baridi kali. Bustani ya mke wangu imekufa.

Naandika nikiwa nimevua kofia. Mchicha, majivu. Figiri, majivu. Nyanya zimebaki vijiti. Mama Anitha aliniachia bustani alipokwenda kufanyiwa upasuaji hospitali ya Mvumi. Aliomba nimwagilie tu. Nikaona kumwagilia ni kazi ya mtu asiye na maarifa. Nikamwaga mbolea ya kuku, mbichi, viroba vizima, ili akirudi akute msitu. Jirani yetu Tahira alinionya kutoka upande wake wa ukuta kwamba mbolea mbichi inaunguza. Nilijua ni wivu. Giligilani yake haijawahi kuishinda ya mke wangu.

Jioni Mama Anitha akapiga simu kutoka kwa mdogo wake Yudith, anakopumzikia. Sauti nyembamba. Chakula hakipiti, akasema, ila anatamani mchicha wake mwenyewe. Akauliza unaendeleaje. Nikasema umenifika kiunoni.

Kiunoni! Mdomo huu!

Jumatano, 9 Julai

Anarudi Jumamosi. Daktari ameruhusu. Nimefurahi sana, kisha nikakaa chini.

Muuza mbegu anasema mchicha unataka wiki kadhaa. Nikamwomba mbegu ya haraka. Akaniuliza kama nimeshakula.

Tahira amejitolea kunipa miche, na kumweleza Mama Anitha ukweli kwa upole. Nimekataa yote mawili. Sitaokolewa na giligilani.

Ijumaa, 11 Julai

Maarifa yamenijia sokoni! Mchicha huuzwa na mizizi yake. Nikabeba mafungu mpaka mwenye meza akaniuliza tuna msiba gani. Nikamjibu bado.

Nimepanda matuta yote. Nyanya za sokoni nimezifunga kwenye vijiti kwa uzi wa kushonea. Ukisimama mlangoni na kufinya macho kidogo, ni bustani.

Tahira alichungulia, akashika mdomo. Akasema, "Baba Anitha, mgonjwa anahitaji mboga na ukweli. Wewe huna hata kimoja."

Niliendelea kufunga, uzi menoni.

Jumamosi, 12 Julai

Jua na upepo vimeniwahi. Kufika mchana, mchicha wote chali.

Mama Anitha akashuka garini ameshikwa mkono na Yudith. Amekonda. Gauni linamning'inia kama la mtu mwingine. Hakutaka kuingia ndani, alitaka bustani kwanza. Nikasema apumzike, kuna vumbi. Akanipita.

Akavuta shina moja. Likaja fungu zima, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilisahau kulifungua. Akachuma nyanya. Ikaja na uzi.

Akacheka, ameshika kidonda. Kisha akalia. Matusi nilikuwa nimejiandaa nayo. Machozi sikuyawekea mpango.

Akasema, "Kule wodini nilikuwa nafumba macho napita kwenye matuta haya, moja moja. Ndiyo yalikuwa yananipa usingizi. Kumbe natembea makaburini."

Nikapiga magoti palepale kwenye mbolea. Nikasema niliogopa atakata tamaa, asirudi. Akafuta machozi.

"Mboga zinakufa, Baba Anitha, tunapanda nyingine. Lakini nikiwa mbali, nimwamini nani?"

Yudith akageuka kuangalia ukuta. Mimi sikuwa na pa kuangalia.

Tahira akaja na bakuli la mchicha wa kwake, umepikwa laini kwa karanga. Mama Anitha akala. Yudith anasema hajamwona akila hivyo tangu upasuaji. Nilishika bakuli mpaka likaisha. Nimeapa mbele za Mungu, uongo basi.

Jumapili, 20 Julai

Tumesia mbegu upya. Yeye kitini akielekeza, Tahira na miche yake, mimi na jembe. Mbolea nimekatazwa hata kuitazama. Ugali sasa unapita. Jana alinisahihisha mara mbili kwa sauti yake ya zamani, nikashukuru.

Leo kanisani nimetoa sadaka ya shukrani kwa moyo uliopondeka kabisa. Nje, Mchungaji Lameck akauliza kama nyumba yetu italeta chochote kwenye sikukuu ya mavuno mwezi ujao. Watu wamesimama. Mzee Matonya ameshatangaza mbuzi. Nikasema tutaleta maboga. Mchungaji akauliza ya ukubwa gani. Nikaonyesha kwa mikono. Mikono ikafunguka, ikafunguka, nikashindwa kuirudisha.

Boga hatujapanda hata moja. Mama Anitha alikuwa anasalimiana na wazee wa kanisa, hakusikia. Mungu ni mwema.

Kesho asubuhi naelekea soko la Kibaigwa. Huko malori yanashusha kila kitu, maboga hayawezi kukosekana. Mama Anitha nimemwambia naenda kumtazama mgonjwa.