Fanya Kama Mimi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Sijapata kuona! Mzungu amehamia kwenye ploti yetu hapa Lurambi, chumba kilichopakana na changu. Anaitwa Veikko. Ametoka Ufini, amekuja kuchunguza vipepeo wa Msitu wa Kakamega. Mtu mzima, ana ndevu, anavuka bahari kufuata vipepeo! Alipita katikati ya akina mama waliokuwa wakifua na hakumsalimu hata mmoja. Kisha akaanika soksi zake kwenye kamba ya Kiprono. Kiprono ni jirani yetu anayetengeneza simu, na kamba ile hata mimi siigusi.

Ploti nzima ikasema mgeni ana madharau. Mimi nikaona tofauti. Huyu hana madharau. Hana mwalimu.

Nami namhitaji. Jumamosi naenda Mayoni kujitambulisha kwa wazazi wa Nafula. Mimi na Nafula tumekubaliana, aliyebaki ni baba yake, Mzee Osundwa, mkulima wa miwa. Mzee anasema hanijui, wala hajasikia popote jina la Ignatius Mukhwana, muuza mbegu. Nikimridhisha Jumamosi, atawapokea wazee wangu na mambo ya ndoa yataanza. Nikishindwa, nisionekane tena huko. Nafula alinieleza haya kwa simu polepole sana, kama mtu anayemsomea mtoto.

Sasa niingie boma lile na rafiki wa kutoka Ulaya! Nani atasema tena hanijui?

Jumanne, 5 Agosti

Mafunzo yameanza. Nampa Veikko ushauri wote unaomfaa msafiri aliyeingia nchi ngeni. Wa kwanza: hapa huulizi bei kabla ya kuuliza hali. Unaanza na mulembe, salamu yetu, unakuja kwa watu wa nyumbani, halafu mvua, ndipo bei.

Alielewa kupita kiasi. Jioni alisimama kwa Jepkorir wa chapati akamwuliza habari za mama yake. Mama ana mguu mbaya. Akauliza habari za mguu. Akauliza ng'ombe wangapi, akatajiwa mmoja wa madoa, akauliza huyo anakamwa vipi. Kiswahili chenyewe alikisoma kwenye simu! Foleni ikafika barabarani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jepkorir akafuta machozi kwa aproni. Alisema tangu aje Kakamega hakuna mteja aliyewahi kumwuliza habari za mama yake. Akampa chapati bure. Bure! Mimi ni mteja wake tangu aanze, sijawahi kuongezewa hata mchuzi.

Kiprono alikuwa kwenye foleni. Aliuliza kwa sauti nimesafiri nchi gani hata nifundishe wasafiri. Nikamjibu nimefika Uganda.

"Uganda gani, Mukhwana? Wewe ulivukanga mpaka pale Busia kununua beseni!"

Watu wakacheka. Lilikuwa beseni na chupa ya chai.

Jumatano, 6 Agosti

Veikko anauliza sana. Kwa nini tunanawa mezani na si bombani? Kwa nini mwenyeji anakusindikiza hadi barabarani, halafu mnasimama hapo kuzungumza upya? Nikaona kwa mtindo huu Jumamosi itatukuta tungali kwenye salamu. Nikampa kanuni moja inayomeza zote: fanya kama mimi. Nikikaa, kaa. Nikinyamaza, nyamaza. Nikijibu, jibu vivyo hivyo. Mbele ya watu usiulize kwa nini. Utauliza tukirudi.

Tukafanya mazoezi kwa obusuma, ugali wetu, na mboga. Nikamega, akamega. Nikajiunguza ulimi nikapuliza, naye akapuliza, ingawa tonge lake lilikuwa limepoa. Paka akaingia, nikamfukuza. Veikko akainuka, akatoka nje, akamfukuza paka yuleyule mara ya pili. Sijawahi kuona mwanafunzi wa namna hii. Shule zetu hazina watoto kama huyu.

Ijumaa, 8 Agosti

Ununuzi. Sukari, mkate, majani ya chai, na leso ya mama. Nilimwambia Veikko kwetu mgeni haendi mikono mitupu. Akanunua sukari, mkate, majani ya chai na leso. Nikasema si lazima vyote. Akanikumbusha kanuni. Nilijivuna kidogo, nakiri. Kisha akaongeza blanketi la mzee, zito, lenye maua mekundu. Mimi nilihesabu pesa zilizobaki, nikatoka nje kumsubiri.

Mavazi: shati jeupe, tai ya buluu. Yeye vilevile. Kiprono alitukuta tukijipima mlangoni, akauliza kati yetu ni nani anayeoa. Wivu mtupu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulifika Mayoni kabla ya jua kuwa kali. Njia ya kwenda kwa Mzee Osundwa inapita katikati ya miwa. Tulipokata kona, huyo mbele yetu! Mama yake Nafula, na ndoo kichwani!

Kila mtu wa kwetu anajua. Mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Hamshiki mkono. Akimwona njiani, anaacha njia. Kweli mimi bado si mkwe, lakini heshima haidhuru ikitangulia. Nikaruka ndani ya miwa upande wa kulia, nikageuza uso.

Nikasikia miwa ikivunjika upande wa kushoto.

Veikko! Mtu mrefu vile, amekumbatia blanketi la maua mekundu, amechuchumaa na kugeuza uso vilevile nilivyougeuza. Hata kidevu alikiinamisha kama changu.

Mama alipiga yowe. Alidhani ni wezi wa miwa. Akatazama kulia, akaona tai. Akatazama kushoto, akaona tai. Nikamsikia akisema polepole, "Yaaye! Wakwe wawili!" Akatua ndoo palepale, akakimbia nyumbani kwa njia ya nyuma. Alikimbia kweli! Ndoo yake ikatuzuia njia, na hakuna kati yetu aliyejua kama mkwe anaruhusiwa kuigusa.

Tulipofika, boma lilikuwa limejaa hadi majirani. Mzee Osundwa kwenye kiti chake. Aliyesema ni dada yake, Shangazi Pascalia, ambaye mdomo wake haujui likizo. Alituuliza ni tangu lini wanaume wawili wanamposa msichana mmoja siku moja, tena kwa tai moja. "Siku hizi mnaposanga kwa jumla?"

Nikaeleza huyu ni mgeni tu. Ni rafiki. Kazi yake ni vipepeo.

"Mgeni gani anamkimbia mama ya msichana?" akasema Pascalia. "Chifu akija hapa hukimbia? Padre hukimbia? Anayekimbia ni mkwe, baba."

Watu wakasema ni kweli. Na ni kweli!

Zawadi zikafunguliwa. Sukari yangu, sukari yake. Leso yangu, leso yake. Kisha likatoka blanketi, na wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikuwa na blanketi.

Mzee akainua mkono. Aliniuliza mimi kwanza kama binti yake nampenda kweli. Nikasema, "Ndiyo, mzee, kwa moyo wangu wote." Akamgeukia Veikko: na wewe? Nikamkonyeza Veikko. Nikamkonyeza kwa macho yote mawili. Akanikonyeza vizuri kabisa. Kisha akasema, "Ndiyo, mzee, kwa moyo wangu wote."

Nafula alitokea jikoni na mwiko mkononi. Hakumtazama Veikko. Alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akarudi jikoni na mlango ukajibamiza.

Kuku akaletwa. Kwa desturi firigisi ni ya mwenye boma. Mzee Osundwa akaikata kwa kisu chake, akampa Veikko nusu. Nusu ya firigisi! Mimi nilipata shingo. Veikko alipoiona sahani yangu, akaomba shingo pia.

Jumapili, 10 Agosti

Veikko ameuliza zile "kwa nini" zake zote alizokuwa ameziweka. Nilipofika kwenye ile ya miwa, kwamba anayekimbia ni mkwe, akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema ana mke huko kwao. Mke na mtoto! Nikamwuliza mbona hakusema. Akajibu nilimfundisha kuanza na habari za watu wa nyumbani, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kumwuliza habari za wa kwake.

Utundu wa wanafunzi huo. Nikaupuuza.

Aliomba simu yangu ili amwombe Nafula radhi. Walizungumza mpaka chai yangu ikapoa. Walicheka! Kisha Veikko akanirudishia simu, na Nafula akakata.

Jumatatu, 11 Agosti

Nafula amepiga. Amenitetea jana jioni yote. Amewaeleza wazazi wake kila kitu tangu mwanzo. Mama yake amecheka mpaka akakaa chini. Shangazi Pascalia hajaamini, anasema mzungu aliulizwa mbele ya watu na alijibu. Mzee amesema blanketi halirudi. Amesema pia atanipa nafasi moja, ya mwisho: Jumamosi hii niende peke yangu, asikie kama nina mdomo wangu mwenyewe. Nikiharibu tena, basi, na Nafula anasema safari hii yeye hatanitetea. Sauti yake ilikuwa imechoka. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akauliza nimeelewa nini. Nikasema peke yangu. Akasema, "Sema tena, Ignatius." Nikasema tena.

Nimeketi kuchunguza kosa liko wapi. Haliko kwenye kanuni. Kanuni ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kosa ni kwamba nilimchagua mwanamume. Anayemkimbia mama mkwe ni mwanamume. Mwanamke akitembea njia ile atamsalimu mama kwa mkono, atambebea ndoo, na hakuna mtu atakayewaza mambo ya wakwe.

Na tazama bahati! Alasiri hii wenzake Veikko wawili wamewasili kutoka Ufini. Aino na Kaisa, wasichana, wachangamfu, hawajui hata mulembe. Nimewahi kubisha hodi kabla ya Kiprono. Wamekubali kila kitu. Mzee aliposema peke yangu, bila shaka alimaanisha bila Veikko. Kesho tunaanza mazoezi, na Ijumaa tutawatafutia leso nzuri zinazofanana.

Nitaingia boma la Mzee Osundwa na wasichana wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, kila nikijibu nao wanajibu vivyo hivyo. Hapo ndipo atakapojua mimi ni mtu wa namna gani.