Aliyedondoka Mwenyewe Hahesabiwi

Jumatatu, 3 Juni
Siku njema kupita kiasi! Bi Aafke, mkurugenzi wetu hapa Mamlaka ya Barabara, ametangaza kwamba kiti cha mkuu wa kitengo cha baiskeli kiko wazi. Atakikalia yule atakayeandika ripoti bora ya waendesha baiskeli walioumia mwaka jana mjini Oudewierde. Tuko wawili tu: mimi na Rinske, ambaye meza yake inatazamana na yangu, bahati mbaya. Nimefungua kumbukumbu zetu. Majeruhi tisa! Mji mzima, mwaka mzima, tisa! Nimeshajiona kitini. Rinske akanitilia kitumbua mchanga. Eti kwetu hufika zile ajali tu ambazo polisi waliitwa, na polisi huitwa gari likihusika. Anayedondoka peke yake hujiokota, hutukana, huenda hospitali. Anataka kumbukumbu za hospitali ziwekwe pamoja na zetu. Nikamwambia aliyedondoka mwenyewe ana ugomvi na ardhi, sisi hautuhusu. Watu wakacheka. Nadhani walikuwa upande wangu.

Jumatano, 5 Juni
Kumbukumbu za hospitali zimefika, majina yamefutwa. Mia mbili na sita! Ilibidi nikae, na nilikuwa nimeshakaa. Rinske amelinganisha tarehe, umri na mtaa: kati ya wale tisa wetu, saba walifika hospitali, wawili hawaonekani kabisa. Kwa hiyo, anasema, kila upande unakosa watu, na lazima wapo wengine ambao hawamo popote. Nikamuuliza mtu asiyekuwamo popote anahesabiwaje. Akajibu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Majivuno hayo! Lakini mimi sikulala. Nimependekeza ajali iitwe ajali pale tu wahusika wanapokuwa wawili au zaidi. Karibu wote mia mbili wanafutika kwa sentensi moja! Rinske akasema lami ni mhusika wa pili. Bi Aafke alicheka mpaka akafuta miwani. Uamuzi Jumatatu.

Alhamisi, 6 Juni
Siku yangu ya kuzaliwa. Hapa kwetu aliyezaliwa ndiye anayelisha ofisi keki, kwa hiyo mpango ulijipanga wenyewe: keki kubwa ya krimu na stroberi, kipande kinene kwa Bi Aafke, sentensi yangu ipite. Niliendesha kwa mkono mmoja, wa pili umebeba sanduku la keki, kama tufanyavyo sote. Kwenye njia ya kando ya mfereji kuna nguzo fupi katikati, ya kuzuia magari. Naijua vizuri. Niliiweka mimi. Paa! Mimi majanini, keki mferejini, bata wanasherehekea. Bibi mmoja mwenye mbwa aliniinua: "Pole baba, kila wiki inamwangusha mtu. Ningempata huyo mpumbavu aliyeiweka!" Nikasema hata mimi. Kifundo cha mkono kinauma kufa. Hospitali siendi! Niwe kama wale mia mbili na sita, tena niliyedondoka peke yangu? Nimefunga taulo la jikoni. Ofisini nikasema duka la keki limefungwa. Mengi husamehewa hapa, lakini si kuzaliwa bila keki. Walipanga foleni kunipongeza kwa kunishika mkono, mmoja mmoja, wakiukamua uleule unaouma.

Ijumaa, 7 Juni
Mkono umeumuka kama mkate. Mke wangu Tjitske amenikokota hadi hospitali. Mapokezini nikasema nimeanguka kwenye ngazi nikisafisha madirisha ya juu. Muuguzi akaanza kuandika. Tjitske akapaza sauti, chumba kizima kisikie: "Ngazi gani, we mwongo! Si tunakaa nyumba ya chini! Kadondoka na baiskeli, kagonga nguzo aliyoiweka mwenyewe!" Na nani alikuwa amekaa kando ya muuguzi, akimwelekeza namna ya kumuuliza kila mwendesha baiskeli ameumia wapi na amegonga nini? Rinske! Alinipa pole. Kisha akauliza kama niliita polisi. Sikuita. Alijitahidi asitabasamu, akashindwa. "Umeona, Gerlof? Bila mkeo usingekuwamo kwetu wala kwao. Wewe ndiye niliyekuwa namtafuta wiki nzima." Mfupa umepasuka. Plasta mpaka kiwiko. Aibu mpaka kisogoni.

Jumatatu, 10 Juni
Kiti kapewa Rinske. Aliwasilisha kumbukumbu za pande zote mbili kwa pamoja, na makisio ya wale wasiokuwamo popote. Alitoa mfano wa bwana mmoja, jina hakutaja; macho yote yakahamia kwenye plasta yangu. Nguzo ya kando ya mfereji inang'olewa leo. Imeniuma, sifichi. Kiti kile nimekililia miaka. Lakini nimejifunza! Nimetafakari, na kosa nimeliona: watu wanaenda hospitali. Wangetibiwa palepale wanapodondokea, nani angewahesabu? Masanduku ya huduma ya kwanza! Bandeji, dawa ya maumivu, chupa ya kahawa ya moto, kwenye kila njia ya baiskeli. Mwakani hospitali itabaki na watu watatu, na Bi Aafke atajua mwenye akili ni nani. Kuna tatizo dogo tu. Sanduku haliwezi kuning'inia hewani. Linahitaji kitu cha kulishika, tena katikati ya njia, kila mtu alione. Nimeshaagiza nguzo arobaini.