Hewa ya Chumba Namba Nne

Ifahamike kwa wakazi wote wa Mji Mdogo wa Nyalubanga, wanaovuta pumzi na wanaotarajia kuvuta, kwamba kuanzia tarehe mosi Novemba 1951 hewa iliyomo ndani ya nyumba za kupanga haitatumiwa tena ovyo ovyo. Mtu mzima amepewa futi za ujazo mia tatu. Mtoto wa chini ya miaka kumi amepewa nusu yake. Chumba kikizidiwa, aliyeingia wa mwisho ndiye atakayetoka wa kwanza.

Tangazo hilo lilibandikwa sokoni, kwenye mlango wa kilabu cha pombe na kwenye geti la mgodi wa dhahabu. Aliyelibandika kote huko kwa uji wa muhogo ni Telesphori Masele, kijana aliyesomeshwa na mapadre wa Ushirombo, ambaye Bodi ya Mji ilikuwa imemwajiri kuwa Karani wa Hewa. Kutoka Tinde mpaka ziwani hapakuwa na karani wa hewa mwingine. Jambo hilo Telesphori alilijua, na ukikaa naye muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, na wewe ulikuwa umeshalijua.

Msimcheke mapema. Kazi ilihitajika. Dhahabu ilikuwa imewaita watu kutoka kila upande, na nyumba za Nyalubanga zilikuwa zimefurika. Kulikuwa na vyumba ambamo wachimbaji sita walilala kwa kupokezana, mmoja anaamka, mwenzake anajitupa kwenye mkeka ungali na joto. Watu wasio na elimu walidhani dawa yake ni kujenga nyumba zaidi. Bodi iliona mbali zaidi ya hapo. Nyumba ni gharama, hewa ipo, kinachotakiwa ni kuigawa kwa haki.

Aliyeona mbali kuliko wote ni Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Hadlow, Mzungu mrefu mwenye soksi za kufika magotini, ambaye watu walimwita Bwana Futi. Sheria ya Hewa aliitunga mwenyewe. Wakubwa wake wa jimboni walimwandikia barua ya pongezi, wakasema sheria hiyo itaigwa katika wilaya tatu, na kwamba mwezi wa Februari watakuja wageni kuiona inavyofanya kazi. Barua aliitia kwenye fremu, akaitundika katika chumba cha mikutano cha Bodi, juu ya kiti chake.

Basi Telesphori akaanza kupima. Alianza na nyumba aliyopanga mwenyewe, ya Mama Limi, mjane wa Kisukuma mwenye sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, na uani jiko moja, kamba moja ya kuanikia nguo na choo kimoja. Telesphori alimwamkia Mama Limi shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwomba asogeze kitanda chake ili hewa ya chini ya uvungu nayo ihesabiwe. Mama Limi alikisogeza, huku akisema kwa Kisukuma maneno ambayo hayakuingia kwenye ripoti.

Chumba namba nne alikaa Damian, aliyefanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, na mkewe Justina. Wote wawili walikuwa watu wa Ushirombo, na Justina alimwita Telesphori mdogo wangu. Chumba chao kilikuwa na futi mia sita arobaini na nane. Telesphori aliwapongeza. Aliwaambia kwamba wameenea vizuri, na zile arobaini na nane zinazobaki wazitumie wanavyopenda. Damian akauliza wazitumie kwa kazi gani. Telesphori akajibu kwamba Serikali haiingilii mambo ya ndani ya familia.

Akageuka kuondoka, na hapo ndipo alipoliona tumbo la Justina.

Karani mzembe angefumba macho. Telesphori alikwenda moja kwa moja ofisini akaiandikia Bodi barua, akiuliza kama mtoto aliye tumboni anavuta pumzi kwa maana ya Sheria, na kama anavuta, hewa hiyo iandikwe kwa jina la nani. Bodi ilikaa saa tatu juu ya swali hilo. Majibu yalikuja na mhuri: mtoto aliye tumboni anatumia hewa ya mama yake, kwa ridhaa ya mama huyo. Bodi haina pingamizi na hali ilivyo sasa. Mpangaji anashauriwa aidumishe.

Justina alishindwa kuidumisha. Alijifungua mtoto wa kike tarehe sita Januari, siku ya Epifania, na kwa kuwa kalenda ya misheni ilikuwa imeshachagua jina, mtoto akaitwa Epifania. Mama Limi alipiga vigelegele, wapangaji wakachanga kuku na uji wa ulezi. Telesphori alikula paja la kuku huyo. Alipomaliza kunawa akatoa rula na kalamu, akapiga hesabu, akakuta mtoto anahitaji futi mia moja na hamsini na zipo arobaini na nane tu.

Ilani aliiandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa. Ilisema: *Kwa Epifania binti Damian, mpangaji wa mwisho kuingia, chumba namba nne. Unatakiwa kuhama ndani ya siku kumi na nne, ukikiacha chumba katika hali uliyokikuta. Usipotii, nyumba itafungwa na bati lake kuezuliwa.* Kwa kuwa sheria ilitaka mhusika akabidhiwe ilani mwenyewe, aliisoma kwa sauti mbele ya mtoto, akamuuliza kama ana swali. Mtoto alikuwa amelala. Telesphori aliandika kwamba mhusika ameelewa, akamchovya kidole gumba kwenye wino.

Wapangaji walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Damian alicheka. Justina hakucheka, kwa maana yeye alikuwa ameshafikiria mbele. Vyumba vyote vya mji vilikuwa vimepimwa na vimejaa. Mtoto asingekuwa na pa kwenda ila kwa bibi yake Ushirombo, kwa lori, katika matope yale ya Januari. Na asipoondoka, nyumba nzima ya Mama Limi ingebaki bila paa.

"Mdogo wangu," alisema Justina, "mwanangu wa kwanza alikuwa na siku tisa. Mwenye nyumba wa wakati ule hakutaka kusikia mtoto akilia, akatufukuza, nikampakia lori nimpeleke kwa mama. Nilimzika Kharumwa, kando ya barabara. Huyu simpandishi lori. Uandike hivyo."

Telesphori aliitazama fomu. Haikuwa na nafasi ya maneno ya namna hiyo. Aliigeuza akayaandika nyuma, neno kwa neno. Kisha akawaambia kwamba mpangaji asiyeridhika anaruhusiwa kukata rufaa mbele ya Bodi.

Siku ya rufaa ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya siku kumi na nne kwisha. Mvua ilianza alfajiri. Telesphori alifungua chumba cha mikutano saa moja, na kwa sababu mvua ilikuwa kubwa aliwaingiza ndani wakata rufaa: Mama Limi, Damian, na Justina akiwa amembeba Epifania mgongoni. Wajumbe wanne wa Bodi walifika kuanzia saa tatu, mmoja mmoja, wakikung'uta miavuli. Bwana Futi alifika saa nne kasoro. Yeye hufika wa mwisho siku zote, kwa sababu mwenyekiti akifika wa kwanza hakuna wa kusimama kumpokea.

Walisimama, akaketi chini ya barua yake ya pongezi. Akasema kwamba Bodi imesoma malalamiko na inayaonea huruma, lakini hewa haina huruma, ni hesabu. Akauliza kama mkata rufaa ana neno kabla ya hukumu.

Justina aliinuka. Alimwamkia, akawaamkia na wajumbe, kisha akamgeukia Telesphori.

"Karani, na chumba hiki umekwisha kukipima?"

Telesphori alikuwa hajakipima. Hakuna aliyemwambia akipime, na wala hakuna aliyemwambia asikipime. Kilabuni alikuwa amewaambia watu mara nyingi kwamba Sheria ya Hewa haijui mkubwa wala mdogo, na alikuwa akiamini hivyo kwa moyo wake wote, masikini. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa futi kamba, akamwomba mjumbe mmoja ashike ncha. Sisemi alifanya kwa furaha. Alifanya kwa uangalifu, na akarudia mara mbili.

"Kumi na nne kwa kumi kwa kumi," alisema. "Futi elfu moja na mia nne, Bwana Mwenyekiti. Aliyeingia wa kwanza ni mimi, saa moja. Akafuata Mama Limi, Damian na mkewe. Mia tatu mara nne. Epifania mia na hamsini. Zimebaki hamsini."

"Hamsini ni mtu gani?" aliuliza Bwana Futi.

"Si mtu, Bwana. Ni kichwa, na mabega kama ni membamba."

Bwana Futi aliitazama barua ya pongezi, akawafikiria wageni wa Februari, akaona kwamba sheria itakayoigwa katika wilaya tatu haiwezi kuvunjwa na aliyeitunga, mbele ya mjane mwenye sauti ile. Akatoka. Wajumbe wakamfuata. Walijipanga nje chini ya miavuli, maji yakiwaingia viatuni, na Mwenyekiti akaingiza kichwa dirishani, ambacho Telesphori alikikadiria kwa macho na kukiruhusu.

Kichwa kilisema kwamba hukumu itolewe basi, mtoto ahame. Telesphori akasoma kanuni: kikao halali ni wajumbe watano ndani ya chumba. Kichwa kikafikiri. Kikasema kwamba kama ni hivyo, Sheria ya Hewa ifutwe. Telesphori akaeleza kwa masikitiko kwamba kufuta nako kunataka wajumbe watano ndani ya chumba. Kichwa kikawaomba wakata rufaa watoke. Mama Limi akajibu kwamba wao wamewahi, na kwa sheria ya Bwana mwenyewe anayetangulia kutoka ni wa mwisho kuingia. Alijifunga kanga vizuri, akakaa.

Ilibidi Bodi itafute chumba kingine. Telesphori alipekua daftari lake la hewa, ukurasa kwa ukurasa. Mji mzima ulikuwa umejaa kihalali. Palibaki mahali pamoja tu penye futi elfu mbili na mia nne zisizo na mtu, nao ulikuwa ukumbi wa nyumba ya Mama Limi.

Bodi ya Mji ikaomba kupanga. Mama Limi aliwapokea mchana huo huo nyumbani kwake, akichambua mchicha, akawauliza anayomuuliza kila mpangaji. Wako wangapi. Wanapika au wanakula nje. Kati yao kuna anayeimba akilewa. Walijibu yote. Alipofika kwenye zamu za nyumba aliwaeleza polepole, maana alijua ni wageni wa mambo: kila mpangaji wa nyumba hii ana siku yake ya kufagia uani, kuchota maji na kuosha choo, na siku iliyo wazi ni Alhamisi. Bwana Futi alitaka kutia saini. Mama Limi akasema saini za Wazungu hazijui, dole gumba analitambua.

Kikao cha kwanza kilifanyika Alhamisi hiyo hiyo, jioni. Wajumbe watano waliketi kwenye magunia ya mpunga ukumbini, katika moshi wa maharage ya mtu. Ilani ya Epifania ilifutwa kwa kauli moja. Sheria ya Hewa ilifutwa kwa kauli moja, na Mwenyekiti akawaagiza wajumbe watafute maneno ya kuwaambia wageni. Justina alikuwa mlangoni mwa chumba namba nne. Aliposikia, alikaa chini kwenye kizingiti, akalia kwa sauti bila kumficha mtu, kisha akamtoa mtoto mgongoni akamnyonyesha. Telesphori alijifanya anatafuta kalamu.

Jambo la tatu lilikuwa kuhama. Bwana Futi alisema kwamba Bodi inamshukuru mwenye nyumba, na kwa kuwa hewa sasa ni huru, inarudi ofisini kwake leo leo.

"Hapana, Bwana," alisema Mama Limi, akitokea jikoni. "Mwaka juzi mlitutungia sheria ya wapangaji. Mpangaji hahami bila kutoa taarifa ya miezi mitatu. Karani, si ndivyo?"

"Kifungu cha saba," alisema Telesphori.

Bwana Futi alisema kwamba, sawa, kifungu cha saba nacho kifutwe, wajumbe wanyooshe mikono. Mikono ikanyooshwa. Telesphori akaihesabu, akaihesabu tena.

"Ni minne, Bwana Mwenyekiti. Mjumbe wa tano ametumwa kisimani."

"Na nani?"

"Na mimi," alisema Mama Limi. "Ni Alhamisi. Maji yenyewe ni ya kuoshea choo, na anayeosha ni wewe, Bwana."

Wapangaji walikuwa wamejaa milangoni, na safari hii hakuna aliyecheka, wote walikuwa wanangoja tu kuona. Bwana Futi alimtazama Karani wake wa Hewa, na Karani akainama akaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba hoja imekosa kura. Ndipo Mwenyekiti wa Bodi ya Mji Mdogo wa Nyalubanga alipoinuka juu ya gunia, akavua soksi zake zisilowe, akauliza ufagio wa choo unawekwa wapi.