Farasi Aliyefufuka Mara Mbili

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoshinda mkiliandaa gazeti. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinatazamana na ukumbi wa sinema, na gazeti lako hukaa juu ya benchi la wateja kila Jumamosi. Naandika kwa heshima zote kumlalamikia mhakiki wenu wa filamu, yule mnayemwita "Mtazamaji" tu, anayezihukumu picha tano katika kipande cha ukurasa kisichozidi kiganja changu. Mtu huyo atanifungisha kibanda.

Ili unielewe, nianze na kazi yangu. Simnyoi mtu kimya. Kichwa kisicho na hadithi hugeukageuka, na wembe hauna macho. Kwa hiyo kila mteja mimi humsimulia picha mpya, nami huipima picha kwa kichwa chake: mwenye kipara hupewa fupi, mwenye ndevu za kujaza mto hupewa ile yenye vita na mapacha waliopotezana. Hadithi na nywele huisha pamoja. Nikipangusa shingo, steringi anaoa. Picha zenyewe sijaziona, maana saa zinapoonyeshwa ndizo saa za wateja. Mimi hulitazama bango linapobandikwa Jumatatu, na mengine yanakuja yenyewe mashine ikishaanza kunguruma. Sioni kosa hapo. Asiyeiona picha hana upendeleo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ufupi. Picha nzima ya vita ameimaliza hivi: "Wanapigana. Wanachoka. Na sisi pia." Mteja akishayasoma hayo benchini, anakuja kitini amekwisha shiba. Nimsimulie nini tena?

2. Anashambulia palepale penye utamu. Kulikuwa na bango lenye farasi. Farasi yule nilimhangaikia wiki nzima: anakufa akimwokoa bwana wake, anafufuka, anakufa tena mtoni, anafufuka hata kabla ya posa. Fundi viatu wa jirani, mtu mkavu asiyetoa chozi hata msibani, alirudi kesho yake kunyolewa tena ilhali hana hata unywele. Jumamosi mhakiki akaandika: "Farasi anafufuka mara mbili. Hata ile ya kwanza tulimvumilia tu." Nyota moja. Niliumia, Ndugu Mhariri. Nilikwenda kumwuliza dada anayekata tiketi, akasema farasi wa picha ile anaonekana kwa mbali tu, anakula majani. Nikajua naye hatazami, anachungulia simu.

3. Hili si lalamiko, lakini haki ni haki. Mara moja tu alihukumu vizuri: "Mama anabaki stesheni, chakula cha mwanawe mkononi, treni imeshaondoka. Sina la kuongeza." Nyota nne. Nilistaajabu, kwa kuwa mama yule nilimsimulia mara moja tu, tena kwa mteja mmoja, yule bwana mkimya wa Alhamisi anayependa kufunikwa uso kwa taulo la moto. Sikurudia, kwa sababu yule alikuwa mama yangu mzazi na treni ile niliipanda mimi. Nikasema kumbe hata wanaotengeneza picha walikuwa na mama wa namna hiyo. Nililikata gazeti nikalibandika kando ya kioo. Bado lipo.

4. Sasa ndio maji yamezidi unga. Mhakiki ameanza kuandika chini ya kila picha: "Ondokeni kabla ya robo ya mwisho." Wateja wangu ni watu watiifu kwa maandishi. Hadithi ikifika robo ya mwisho wanasimama, wanajikung'uta, wanakwenda zao na robo ya nywele. Mwalimu wa hesabu ameingia darasani na upande mmoja wa ndevu, wanafunzi wakadhani somo la leo ni sehemu. Dereva wa lori amesimamishwa barabarani kwa kutofanana na picha ya leseni yake. Juzi bwana harusi aliondoka kitini nikiwa bado sijagusa kisogo. Mashangazi wa bibi harusi walimzunguka mara moja, wakaomba shughuli iahirishwe mpaka apone.

5. Na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, amefungua saluni ng'ambo ya barabara, yenye televisheni. Watu wenye robo ya nywele wanavuka kwake kumaliziwa. Mke wangu amenishauri kwa upole nifunge, nikamfagilie kaka yake nywele. Nimefagia nywele zangu miaka mingi bila kinyongo. Za shemeji siziwezi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, Mtazamaji afukuzwe. Pili, nafasi yake apewe mtu anayeingia ukumbini kweli na kukaa mpaka taa ziwashwe.

Nisalimie mpiga chapa, mchora katuni, mfagizi wa ofisi yenu, na yeyote atakayeifungua barua hii kabla yako.

Wako katika wembe na ukweli,
Kinyozi wa Mkabala na Sinema

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, bwana mkimya wa Alhamisi akaingia, akaikuta barua mezani, akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaketi na kuomba radhi. Ndiye Mtazamaji. Ukumbini haingii tena, giza la mle humlaza, kwa hiyo picha zote anazihukumu hapa kitini kwangu. Robo ya mwisho hajawahi kuisikia, kwa kuwa taulo likianza kupoa naye huwa ameshalala. Siku ya mama peke yake hakulala. Basi ile nyota moja ni yangu, na zile nne ni zangu pia. Tafadhali lifute ombi la kwanza, na la pili ulifute kwa wino mzito zaidi. Mtu anayeziona picha atatuharibia kazi. Tumekwisha patana: yeye atakunywa chai kabla ya kuketi, na farasi wa wiki ijayo atakufa mara moja tu.